Kahhal: Tabibu wa Macho Aliyepewa Jina la Wanja



Sanduku la bi harusi wa visiwani kwetu halikosi hina, udi na wanja. Somo anapomkalisha mwari kumpamba, wanja ndio wa mwisho kutiwa, na ukishatiwa uso wote hubadilika. Lakini wengi wetu hatujui kwamba nyuma ya kichupa hicho kidogo ipo historia ndefu ya elimu. Kwa karne nyingi, katika miji ya Waislamu, tabibu wa macho aliitwa kahhal, na jina hilo limetokana na neno la Kiarabu kuhl, yaani wanja. Daktari wa macho alikuwa "mtu wa wanja".

Leo tumeona tuzungumze habari za watu hao, kwa sababu wametuachia jambo ambalo sisi tunaoremba na kurembwa tunalihitaji sana.

Wanja ulikuwa pambo na dawa

Watu wa zamani walipotaja kuhl hawakukusudia pambo peke yake. Unga wowote laini uliosagwa ukatiwa jichoni uliitwa hivyo, uwe wa kuremba au wa kutibu. Katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) tunaujua wanja wa ithmid, jiwe jeusi linalosagwa, ambao hadithi zilizomo katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi zinausifu kwamba husafisha uoni na kuotesha kope. Kwa hiyo kwa Muislamu wa zama zile kulitunza jicho halikuwa jambo geni wala la aibu kwa mwanamme au mwanamke.

Lakini mapenzi ya wanja hayakuwafanya watu wale waache kuuliza. Jicho limeumbwa vipi? Linaona kwa njia gani? Linapoharibika, limeharibika wapi? Hapo ndipo elimu ilipoanzia.

Mabingwa wa Baghdad, Basra na Cairo

Katika karne ya 9 aliishi Baghdad tabibu na mfasiri anayeitwa Hunayn ibn Ishaq. Alizaliwa mwaka 809 na kufariki mwaka 873. Alikuwa Mkristo, na watawala wa Kiislamu walimpa nafasi na heshima kwa ajili ya elimu yake. Alikusanya maarifa ya Wagiriki akayaongezea yake, akaandika kitabu cha makala kumi juu ya jicho. Ndani yake mlikuwa na michoro ya jicho inayoonyesha tabaka zake, mishipa yake na umajimaji wake. Kitabu hicho ndicho kilichosomwa na matabibu wa macho kwa miaka mingi iliyofuata.

Mwanzoni mwa karne ya 11, katika mji huo huo wa Baghdad, Ali ibn Isa aliwaandikia wenzake kitabu cha kuwakumbusha kazi yao. Alikigawa sehemu tatu. Ya kwanza ni umbile la jicho. Ya pili ni maradhi ya nje yanayoonekana kwa macho. Ya tatu ni maradhi yaliyojificha ndani, ambayo tabibu hayaoni ila huyatambua kwa dalili. Alieleza maradhi yapatayo 130. Mpangilio huo ni wa mtu anayefundisha hivi: kwanza lijue jicho, kisha litazame, kisha muulize mgonjwa, ndipo utie dawa.

Wakati huo huo, Misri ilikuwa na tabibu aliyetoka Mosul, Ammar ibn Ali al-Mawsili. Huyu alikabiliana na mtoto wa jicho, ule ukungu unaoziba mboni mpaka mtu haoni. Tiba ya siku nyingi ilikuwa kuingiza sindano jichoni na kuusukuma ukungu ule kando. Ammar alieleza sindano ya chuma yenye tundu ndani, ambayo kwayo aliunyonya ukungu ulio laini badala ya kuusukuma. Katika kitabu chake alisimulia wagonjwa sita aliowapasua, kila mmoja na hali yake. Sisi mafundi wa kushona tunaijua sindano, lakini tukiwaza mkono uliothubutu kuiingiza kwenye jicho la mtu, miaka 1000 iliyopita, tunasema Subhanallah.

Tusimsahau Ibn al-Haytham wa Basra, aliyezaliwa karibu na mwaka 965 na kumalizia maisha yake Cairo. Wako waliokuwa wakiamini kwamba jicho hutoa miale yake yenyewe ikaenda kuvigusa vitu. Yeye alithibitisha kuwa mwanga ndio unaotoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Kitabu chake cha elimu ya uoni kilitafsiriwa kwa Kilatini, na wataalamu wa Ulaya wakakisoma kwa karne kadhaa.

Hospitali ya wakfu na mkaguzi wa soko

Elimu hii haikubaki vitabuni. Mwaka 1284 Sultani Qalawun wa Misri alianzisha hospitali kubwa mjini Cairo na kuiwekea wakfu. Iliwapokea matajiri na mafukara, ikawa na sehemu ya wanawake na sehemu ya wanaume, na wagonjwa wa macho walikuwa na mahali pao peke yao.

Lakini habari iliyotugusa zaidi sisi wafanyabiashara ni ya sokoni. Miji ile ilikuwa na mkaguzi aliyeitwa muhtasib. Kazi yake ilikuwa kusimamia vipimo, mizani, usafi wa chakula na uaminifu wa mafundi. Katika karne ya 12 mwanachuoni wa Sham, al-Shayzari, aliandika kitabu cha kuwaongoza wakaguzi hao. Anapofika kwa makahhal, anaagiza wapewe mtihani kwa kitabu cha Hunayn. Anayezijua tabaka za jicho, maradhi yake na namna ya kuchanganya dawa, aruhusiwe kutibu watu. Asiyejua asiruhusiwe.

Kisha anawatahadharisha watu na makahhal wa njiani. Anasema hawa hawana dini ya kuwazuia kuyaingilia macho ya watu kwa kisu na wanja bila ya elimu. Wengine walichukua wanga na gundi, wakatia rangi, wakauza kama dawa ya macho. Yaani udanganyifu wa bidhaa za macho si jambo la leo, na hukumu yake pia si ya leo. Kucheza na jicho la mtu kulihesabiwa ni upungufu wa dini.

Yaliyokuja baadaye

Mabingwa wale hawakupatia kila kitu. Waliamini mtoto wa jicho ni maji yanayoteremka na kuganda mbele ya lenzi. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 18 ndipo ilipothibitika kwamba ni lenzi yenyewe ya jicho ndiyo inayofanya ukungu. Mwaka 1747 daktari Jacques Daviel wa Ufaransa aliifungua njia ya kuitoa lenzi hiyo kabisa. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa cha kumulika na kutazama ndani ya jicho la mtu aliye hai. Yale maradhi ambayo Ali ibn Isa aliyaita yaliyojificha, sasa yakaanza kuonekana.

Halafu mwaka 1949, London, daktari Harold Ridley alimwekea mwanamke wa miaka 45 lenzi ya bandia ndani ya jicho. Wazo lilimjia baada ya kuwaona marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege machoni, na macho yao yakavistahamili. Leo mama zetu na bibi zetu wanaopasuliwa mtoto wa jicho huwekewa lenzi ya aina hiyo, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Maradhi yanayotupenda sisi wanawake

Makahhal waliyajua pia maradhi waliyoyaita jarab, yaani upele wa ndani ya kope. Waliligeuza kope la juu na kutazama chembe chembe zilizomo. Leo tunayaita vikope au trakoma, na mpaka sasa mtaalamu huyatambua kwa kuligeuza kope vile vile. Vikope huambukizwa kwa mikono, nguo na nzi wanaogusa tongo za mgonjwa. Mtu akiambukizwa mara nyingi, kope hujikunja kwa ndani na nywele zake zikakwaruza kioo cha jicho mpaka kikafa. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofuka kwa maradhi haya mpaka mara 4 zaidi ya wanaume, kwa sababu sisi ndio tunaokaa na watoto wadogo, na watoto ndio wenye maambukizo.

Hata hivyo yanashindika. Oman, ambayo familia nyingi za visiwani zina jamaa huko, mwaka 2012 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na shirika hilo kuwa imeyatokomeza. Silaha zilikuwa upasuaji wa kope, dawa, uso safi na mazingira safi.

Na sisi je?

Sasa turudi kwenye sanduku la harusi. Wanja mwingi unaouzwa leo si ithmid ya asili, hata kama umeandikwa hivyo. Wanja wa aina mbalimbali umepimwa katika nchi kadhaa na kukutwa na madini ya risasi, yale yale yanayotiwa kwenye betri za gari. Risasi huingia mwilini na kudhuru akili ya mtoto hata ikiwa kidogo, na mama mjamzito humpitishia aliye tumboni. Kwa hiyo kichupa kisicho na jina la mtengenezaji, wala orodha ya vilivyomo, tusikiuze, tusikinunue, na hasa tusimtie mtoto mchanga. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar upo kwa ajili ya kusajili bidhaa kama hizi. Huyo ndiye muhtasib wetu, tumuulize.

Zipo pia lenzi za rangi ambazo maharusi wanazipenda kwa ajili ya picha. Lenzi ni kitu cha kupimwa na mtaalamu. Ikivaliwa bila kupimwa, ikaoshwa kwa maji ya bomba au ikaazimwa kutoka kwa shoga, inaweza kukichubua kioo cha jicho na kuleta kidonda cha kupofusha. Mume hakukuchagua kwa macho ya kijivu, dada.

Dawa za matone nazo tusipeane kama chumvi. Baadhi zina steroidi, ambazo zikitumika kiholela hupandisha presha ya macho na kuharakisha mtoto wa jicho. Na presha ya macho huanza bila maumivu, mtu hushituka uoni umeshapungua na haurudi tena. Hakuna wanja wala tone la dukani linaloondoa mtoto wa jicho. Anayekuahidi hivyo ndiye yule kahhal wa njiani.

Na mafundi wenzetu wa cherehani na wanaodarizi kofia, mtu akifika miaka 40 hivi huanza kuiweka sindano mbali na uso ili alione tundu. Huo si uchawi wala hasadi. Lenzi ya jicho imepungua ulaini wake, na miwani ya kusomea inatosha. Miwani imeanza kuvaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 13 huko Italia, hatuna sababu ya kuionea haya leo. Fundi asiyeona vizuri hupunguza kazi, na kazi ikipungua nyumbani hupungua.

Tukiwatazama kahhal wale, wanja waliupenda kama sisi. Tofauti ni kwamba hawakumruhusu mtu aliguse jicho la mwenzake mpaka ajulikane anajua nini, na anachokitia kimetengenezwa kwa nini. Kila bi harusi anayefumba macho mbele yetu ili tumpambe ametupa amana. Somo, muuza duka, mpambaji na mama, sote tumeshika kijiti cha wanja, na sote tutaulizwa.

Dada, kama unaye mama ambaye ukungu umemziba jicho, usingoje mpaka baada ya harusi. Mpeleke akapimwe, apate kumuona bi harusi wake.

Allah atuhifadhie macho yetu, atupe nuru ya macho na ya nyoyo, na awajaalie maharusi wetu kheri na baraka. Aamin.