Baila ya Sri Lanka na watu walioitunza

Baila, muziki unaochezwa katika harusi za Wasinhala na kupigwa na bendi za matarumbeta kwenye mechi za kriketi, huhesabiwa kuwa urithi wa Wareno. Miaka yenyewe inatia shaka. Wareno walifika Sri Lanka mwaka 1505, na ngome yao ya mwisho ikatwaliwa na Waholanzi mwaka 1658. Baila ya Kisinhala ilianza kuvuma miaka ya 1940. Hapo katikati zimepita karibu karne tatu, na kwa muda wote huo Wareno hawakuwa na gavana wala askari kisiwani. Muziki hauishi bila wapigaji, kwa hiyo walikuwapo watu waliouimba, wakaucheza na kuwarithisha watoto wao. Hao ndio wanaostahili kutajwa kwanza.

Kundi moja ni Waburgher wa Batticaloa, machotara wa Wazungu na wenyeji, wengi wao mafundi wa mikono, waliohifadhi Kireno chao cha mseto pamoja na ngoma ya kaffrinha inayopigwa kwa fidla. Kundi la pili linatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Ni wazao wa Waafrika waliopelekwa kisiwani na Wareno, na baadaye na Waholanzi na Waingereza, wakiwa watumwa na askari. Wengi walitokea Msumbiji na maeneo jirani. Huko huitwa Kaffir, jina ambalo wao wenyewe wanalikubali, ingawa masikioni mwetu linachoma. Katika kijiji cha Sirambiyadiya, karibu na Puttalam, wanaimba manja: beti fupi za Kireno cha mseto zinazorudiwarudiwa, zikianza polepole na kuzidi kasi, huku vifuu vya nazi, vijiko na chupa vikigongwa pamoja na ngoma. Mtu atapinga kwamba mapigo ya sita kwa nane, yanayobeba kaffrinha na baila, yanapatikana hata Ureno. Ni kweli, na mapigo peke yake hayathibitishi asili. Lakini kaffrinha imebeba jina la Waafrika hao, na haielekei jina hilo lilibandikwa kwenye ngoma wasiyohusika nayo.

Wengine watasema mwasisi wa baila ni Wally Bastiansz, askari polisi aliyeingiza maneno ya Kisinhala katika mapigo hayo. Sifa yake ni halali, kwa maana bila yeye muziki huu huenda ungebaki vijijini. Hata hivyo, aliukuta uko hai. Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa wasomi walioiona baila kuwa muziki wa walevi, wa kigeni, usiofaa taifa lililopata uhuru mwaka 1948. Ajabu ni kwamba muziki uliopewa heshima nao ulichota ng'ambo: Amaradeva, mwimbaji mkubwa wa Kisinhala, alisomea muziki Lucknow, India. Kilichobaguliwa ni tabaka la wenye muziki; ugeni ulikuwa kisingizio. Kuhusu ufundi, vaada baila inatosha kuwa jibu. Humo washindani hutungiana beti papo hapo, kwa vina na mapigo yasiyosubiri, na anayekwama ameshindwa mbele ya hadhira. Mswahili aliyelelewa na malumbano ya washairi hahitaji kuelezwa ugumu wa kazi hiyo. Mwimbaji wa baila M. S. Fernando, aliyefariki mwaka 1994, alipata umaarufu wake katika uwanja huohuo.