Vichwa Kumi na Viwili Darajani Prague

Mgeni anayevuka mto Vltava mjini Prague huelekezwa kwanza kwenye sanamu ya Jan Nepomuk, aguse bamba la shaba lililong'arishwa na viganja vya watu, kisha apigwe picha. Wachache husimama chini ya mnara wa upande wa Mji Mkongwe wakatazama juu. Ningewashauri waanzie hapo.

Ujenzi wa daraja hili ulianza mwaka 1357 chini ya Karel IV, baada ya mafuriko ya 1342 kulibomoa lililotangulia. Lina urefu wa mita 516 na matao 16. Hadi mwaka 1870 liliitwa Daraja la Mawe tu; jina la mfalme lilibandikwa baadaye, kama ilivyo desturi ya majina ya wakubwa.

Mwaka 1620 waasi wa Bohemia walishindwa kwenye vita vya Mlima Mweupe. Tarehe 21 Juni 1621 utawala wa Habsburg uliwaua hadharani viongozi wao 27, akiwemo Jan Jesenius, tabibu na mkuu wa chuo kikuu. Vichwa 12 vilitundikwa mnarani, vikabaki huko miaka kumi, hadi jeshi la Saxony lilipoingia mjini. Kwa nini darajani? Kwa sababu hadi mwaka 1841 mji haukuwa na daraja jingine juu ya mto huo. Muuza mboga, mwanafunzi, mjane wa mmoja wa waliouawa: wote walilazimika kupita chini ya vichwa hivyo. Mtawala hakuhitaji kutangaza lolote.

Ndipo sanamu ya Nepomuk ikasimamishwa mwaka 1683, enzi ya washindi haohao. Masimulizi ya kanisa yanasema alitoswa mtoni mwaka 1393 kwa kukataa kumfichulia Mfalme Václav IV siri za maungamo ya malkia. Kumbukumbu za zama zake zinaeleza ugomvi usio na mahaba ndani yake: akiwa makamu wa askofu mkuu, alimthibitisha abati wa Kladruby kinyume cha matakwa ya mfalme. Ulikuwa mvutano wa madaraka na mali. Hadithi ya malkia ndiyo iliyoshinda, na mwaka 1729 Roma ikamtangaza mtakatifu.

Mnara nao siku hizi hupandwa kwa tiketi, na mandhari ya mji kutoka kileleni husifiwa sana.