Sura Ukutani: Taswira, Ukumbusho na Mazungumzo ya Haki kutoka Ufipa hadi Katanga

Ukuta wa sebule ni ukurasa wa historia. Katika Ufipa, kama katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, mgeni hukaribishwa chini ya sura za watu: marehemu wa ukoo, mtakatifu katika kalenda ya parokia, na aghalabu Mwalimu Nyerere. Swali linalostahili kuulizwa na mwanahistoria wa Kiswahili ni hili: je, sura hizo hupamba tu, au huwazungumzisha waliokaa chini yake? Na zikiwazungumzisha, huwazungumzisha juu ya nini?

Mwazye, penye parokia kongwe ya Kikatoliki katika uwanda wa juu wa Ufipa, ni mahali panapofaa kuanzia. Kijiji hicho, ambacho sasa kimo katika Wilaya ya Kalambo, kinatazama upande wa Ziwa Tanganyika. Ashukaye kuelekea ziwani hufika Kasanga, bandari ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Ng'ambo ya maji iko Kongo. Ziwa hilo halikuwa ukuta wa lugha. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilikipitisha Kiswahili pande zote mbili. Baadaye wamisionari, waliokabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885, walikitumia katika mafundisho. Na migodi ya shaba ya Katanga ilikifanya kuwa lugha ya mji na ya kazi. Kwa hiyo si ajabu kwamba jibu mojawapo lililo kamili zaidi kwa swali letu limehifadhiwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi.

Katika mji huo aliishi mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akatembeza kazi zake nyumba kwa nyumba. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora zaidi ya picha 100 zinazosimulia historia ya nchi yake tangu kale, akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye alichapisha picha na mazungumzo hayo kitabuni mwaka 1996. Tshibumba hakujiita mchoraji tu. Alijihesabu kuwa mwanahistoria.

Watu wa Lubumbashi walikuwa na neno lao la kuipima picha njema: ukumbusho. Mwanaisimu atatambua mara moja uzito wa neno hilo. Halikutoka katika *kumbuka*, tendo ambalo mtu aweza kulitenda peke yake moyoni, bali katika *kumbusha*, tendo linalohitaji mtu wa pili. Picha yenye ukumbusho, basi, haiweki kumbukumbu kama sanduku liwekavyo nguo. Humfanya mtazamaji aseme, na jirani yake ajibu.

Picha iliyopendwa sana ilijulikana kwa jina la *Colonie belge*, na mara nyingi iliandikwa miaka 1885–1959. Ndani yake mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika anamchapa kiboko, na ofisa Mbelgiji anasimama akitazama. Mtu angeweza kushangaa: kwa nini familia itundike fedheha yake sebuleni? Lakini katika miaka ya 1970, chini ya utawala wa Mobutu, kuyataja waziwazi maovu ya wakubwa kulikuwa hatari. Picha ya jana ilitoa ruhusa ya kuijadili leo. Mwenye nyumba aliweza kunyoosha kidole kwa ofisa wa kikoloni, na wageni wakaelewa pasipo jina jingine kutajwa. Askari anayeshika kiboko naye alizua swali gumu zaidi, kwa maana alikuwa ndugu wa anayechapwa.

Sura ya Patrice Lumumba ilikuwa na kazi ya namna hiyohiyo. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na miili yao haikuachwa ipate kaburi. Tshibumba aliwachora wamelala chini, na nyuma yao misalaba mitatu, hata mtu aliyesoma katekisimu tu akaelewa hoja yake: aliyehukumiwa hakuwa na hatia. Palipokosekana kaburi, picha ilishika nafasi ya kaburi, na mbele ya kaburi watu huuliza nani aliua. Mataifa yalichelewa kulijibu swali hilo. Serikali ya Ubelgiji iliomba radhi mwaka 2002, na jino la Lumumba, mabaki pekee yaliyosalia, lilikabidhiwa kwa familia yake mwaka 2022.

Haifai, hata hivyo, kuisifu picha kupita kiasi. Sura haihukumu wala hairudishi kilichoporwa. Tshibumba mwenyewe alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya kazi zake imo mikononi mwa watu na makumbusho ya Ulaya, mbali na sebule zilizozipa maana. Ukumbusho usio na mtu wa kukumbushwa hugeuka pambo.

Hapo ndipo Mwazye inaporudi katika hoja. Watu wa Ufipa nao walitozwa kodi ya kichwa, na vijana wao walikwenda kutafuta ujira katika mashamba ya mkonge na migodi ya shaba. Sura za wafanyakazi hao si nyingi ukutani. Zilizodumu zaidi ni za viongozi na watakatifu. Kuuliza ni nani ametundikwa na ni nani ameachwa ni kuanza mazungumzo ya haki, na Kiswahili kimekwisha kutoa neno la kuyaanzishia.