Amplifaya ya kipokezi cha mwanga

Amplifaya ya kipokezi cha mwanga ni sakiti inayogeuza mkondo hafifu wa umeme kutoka kwenye fotodayodi kuwa volteji inayosomeka na mitambo ya mawasiliano. Hukaa mwishoni mwa nyaya za faiba, kama zile za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano uliofika mkoani Tabora, Tanzania.

Kiini cha usanifu wake ni rezista ya mrejesho, na hapo ndipo ustadi huonekana. Rezista kubwa hupunguza kelele, lakini ikiungana na kapasitansi ya fotodayodi hupunguza kasi. Ndogo huongeza vyote viwili. Kwenye gigabiti 10 kwa sekunde, biti moja hudumu pikosekunde 100 tu: milimita chache za waya zikizidi, ishara huharibika.