Maleleji ya Angani: Upepo wa Juu ya Pemba Ulivyowahadaa Wanasayansi

Mpemba hahitaji kufundishwa kwamba upepo hugeuka. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi, kusi hushika zamu wakati wa masika, na kati yao huja maleleji, siku ambazo nahodha hana hakika na upepo wake. Zamu hizo ndizo zilizoendesha safari za Bahari ya Hindi tangu zama za al-Masudi, aliyefika Kanbalu karibu mwaka 916, kisiwa ambacho wanahistoria wengi hukitambua kuwa Pemba. Lakini zaidi ya kilomita 20 juu ya mikarafuu ya kisiwa hiki ziko pepo nyingine zinazopokezana, na wanasayansi walihitaji karibu miaka 80 kulitambua jambo hilo. Naamini kilichowachelewesha zaidi ni desturi ya kupima kwa msimu mmoja, kisha kufunga mizigo.

Volkano ya Krakatau ilipolipuka Agosti 1883, vumbi lake lilizunguka dunia kwa muda wa kama wiki mbili, likitoka mashariki kwenda magharibi. Ikaaminika kwamba huko juu ya ikweta upepo ni wa mashariki tu. Mwaka 1908 Arthur Berson, Mjerumani aliyewahi kupaa kwa puto hadi mita 10,800, alikuja Afrika Mashariki na kurusha maputo ya kupimia katika eneo la Ziwa Viktoria. Yeye akakuta upepo wa magharibi. Badala ya kujiuliza kama upepo uliwahi kugeuka, wataalamu walizipa pepo hizo majina mawili, la Krakatau na la Berson, wakachukulia kwamba zote huvuma daima, kila mmoja katika tabaka lake.

Ukweli ulijitokeza baada ya vituo vya ikweta kurusha maputo siku baada ya siku kwa miaka. Kufikia 1961, R. A. Ebdon wa Uingereza na Richard Reed wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wameonyesha kwamba ni upepo uleule unaogeuka, na mzunguko wake mzima huchukua wastani wa miezi 28. Mgeuko huanzia juu na kushuka kama kilomita moja kwa mwezi. Mwaka 1968 Richard Lindzen na James Holton walitoa nadharia: mawingu ya mvua ya tropiki huzusha mawimbi yanayopanda angani, na yanapofifia huko juu huusukuma upepo upande yanakoelekea.

Atatokea wa kusema kwamba Berson anaonewa, kwani vyombo vyake vilipaswa kuokotwa vilikoanguka, na safari yake ilikuwa na mwisho. Ni kweli, na vipimo vyake vilikuwa sahihi. Kosa ni la waliokichukua kipimo cha msimu mmoja wakakifanya kanuni. Mwingine atadai kwamba mabaharia wetu wangekitegua kitendawili hiki mapema. Hilo nalo si haki: kaskazi na kusi hufuata jua na tofauti ya joto kati ya bara na bahari, ilhali zamu ya miezi 28 haifuati kalenda ya mtu yeyote, na jahazi halifiki huko. Walichokuwa nacho mabaharia ni subira. Ujuzi wa nahodha haukutokana na safari moja, bali na misimu mingi iliyorithishwa baba kwa mwana.

Subira hiyo bado inadaiwa. Mapema mwaka 2016 mzunguko huo ulivurugika kwa namna isiyowahi kuonekana tangu kumbukumbu zianze mwaka 1953: upepo wa mashariki ulichomoza katikati ya ule wa magharibi, na utabiri haukuwa umeuona ukija. Kama maputo yangekuwa yamesitishwa kwa kuwa nadharia ipo, tungeendelea kuamini zamu isiyokosea. Nahodha anaijua kaskazi vyema, na bado kila alfajiri hutazama upepo kabla ya kutweka tanga.