Asia Mashariki: Safari ndefu ya kuelekea jumuiya moja

Tarehe 2 Julai mwaka 1997, serikali ya Thailand ilikiri kwamba haikuwa na uwezo tena wa kuilinda thamani ya sarafu yake, baht. Katika muda wa miezi michache moto uliowaka Bangkok ulikuwa umezifikia Indonesia, Malaysia, Ufilipino na Korea ya Kusini. Mabenki yalifungwa, viwanda vikasimama, na mamilioni ya watu wakapoteza kazi.

Msukosuko huo ndio uliozifundisha nchi za Asia Mashariki kwamba jirani akiungua, nyumba ya pili haiko salama. Kutokana na somo hilo kulizaliwa ushirikiano unaozikutanisha nchi wanachama wa Jumuiya ya Mataifa ya Kusini Mashariki mwa Asia, ASEAN, pamoja na China, Japani na Korea ya Kusini.

Hata hivyo, ushirikiano huo hauna bunge, hauna mahakama wala sarafu moja. Swali linaloulizwa tangu siku hizo ni iwapo nchi zinazofanya biashara kubwa namna hiyo baina yao zinaweza kuwa jumuiya ilhali hazijaaminiana.

Mbegu iliyopandwa Bangkok

ASEAN iliundwa mjini Bangkok tarehe 8 Agosti 1967 na nchi tano: Indonesia, Malaysia, Ufilipino, Singapore na Thailand. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto. Indonesia na Malaysia zilikuwa ndiyo kwanza zimemaliza uhasama wao wa kijeshi, na Ufilipino ilikuwa ikidai eneo la Sabah lililo chini ya Malaysia. Kwa hiyo jambo la kwanza lililotafutwa lilikuwa amani baina ya majirani, na biashara ilikuja baadaye.

Mwaka huo huo wa 1967, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba ulioanzisha Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ilikuwa na mashirika ya pamoja ya reli, bandari, posta na ndege. ASEAN kwa upande wake ilikaa miaka tisa bila hata sekretarieti, na viongozi wake wakuu hawakukutana katika mkutano wa kilele hadi Februari 1976, katika kisiwa cha Bali. Mwaka 1977 jumuiya iliyokuwa na kila kitu ilivunjika, na ile iliyokuwa haina kitu ikaendelea kuishi.

Siri ya uhai huo imo katika kanuni mbili. Ya kwanza ni kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, kanuni iliyoandikwa katika Mkataba wa Urafiki na Ushirikiano uliotiwa saini huko Bali. Ya pili ni kuamua kwa maafikiano, bila kupiga kura. Waindonesia huyaita mambo hayo musyawarah na mufakat, maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo msemaji wa Kiswahili atayatambua mara moja katika mashauri na muafaka.

Brunei ilijiunga mwaka 1984, Vietnam 1995, Laos na Myanmar 1997, na Kambodia 1999. Timor ya Mashariki ilikaribishwa mjini Kuala Lumpur mwezi Oktoba 2025, ikawa mwanachama wa kumi na moja.

Wazo lililokataliwa

Mtu wa kwanza kuupigania hadharani umoja wa kiuchumi wa Asia Mashariki yote alikuwa Waziri Mkuu wa Malaysia, Mahathir Mohamad. Mwezi Desemba 1990 alipendekeza kundi ambalo lingezijumuisha nchi za ASEAN, China, Japani na Korea ya Kusini, na kuziacha nje Marekani, Australia na New Zealand.

Marekani ililipinga pendekezo hilo kwa nguvu, ikihofia kufungiwa mlango. Japani, ambayo ulinzi wake unategemea majeshi ya Marekani, ilisita. Bila Japani, iliyokuwa wakati huo nchi tajiri kuliko zote katika eneo hilo, wazo la Mahathir halikuweza kusimama.

Msukosuko wa mwaka 1997

Sarafu zilipoporomoka, nchi tatu zililazimika kulikimbilia Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Thailand ilipangiwa msaada wa zaidi ya dola bilioni 17, Indonesia takriban bilioni 40, na Korea ya Kusini zaidi ya bilioni 55. Fedha hizo ziliambatana na masharti makali: kupunguza matumizi ya serikali, kupandisha viwango vya riba na kuyafunga mabenki yaliyofilisika.

Picha moja ya tarehe 15 Januari 1998 haijasahaulika katika eneo hilo. Inamwonyesha Rais Suharto wa Indonesia ameinama mezani akitia saini makubaliano, huku Mkurugenzi Mkuu wa IMF, Michel Camdessus, amesimama nyuma yake akiwa amekunja mikono kifuani. Kwa Waindonesia wengi picha hiyo ilikumbusha enzi za ukoloni. Miezi minne baadaye, tarehe 21 Mei, Suharto alijiuzulu kufuatia ghasia na maandamano, baada ya kutawala kwa zaidi ya miaka 30.

Nchini Korea ya Kusini, mamilioni ya wananchi walijipanga foleni kutoa pete za ndoa, mikufu na medali ili dhahabu hiyo iyeyushwe na kulipia deni la taifa. Zaidi ya tani 200 za dhahabu zilikusanywa. Nchi hiyo ilimaliza kulipa deni lake kwa IMF mwezi Agosti 2001, kabla ya muda uliowekwa.

Katika kilele cha msukosuko huo, Japani ilipendekeza kuundwa kwa mfuko wa fedha wa Asia wenye dola bilioni 100. Marekani na IMF zilipinga, zikisema mfuko huo ungewapa wakopaji njia ya kukwepa masharti. China nayo haikuunga mkono, kwa kuwa haikutaka kuiona Japani ikiongoza. Pendekezo likafa, lakini hoja iliyolizaa ilibaki hai.

Kumi na tatu mezani

Mwezi Desemba 1997, msukosuko ukiwa bado unaendelea, viongozi wa ASEAN waliwaalika wenzao wa China, Japani na Korea ya Kusini mjini Kuala Lumpur. Huo ulikuwa mwanzo wa mkutano unaoitwa ASEAN na Tatu. Kundi lililokutana lilikuwa, kwa sehemu kubwa, lile lile alilolitaka Mahathir miaka saba kabla.

Rais Kim Dae-jung wa Korea ya Kusini alipendekeza mwaka 1998 liundwe jopo la wataalamu la kuchora dira ya eneo hilo. Jopo hilo lilitoa ripoti yake mwaka 2001, likitaka kujengwa jumuiya ya Asia Mashariki yenye amani, ustawi na maendeleo.

Makubaliano ya Chiang Mai

Tunda la kwanza la ushirikiano huo lilipatikana mwezi Mei 2000, mawaziri wa fedha walipokutana Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Walikubaliana kwamba nchi itakayopungukiwa na fedha za kigeni itaweza kumkabidhi mwenzake sarafu yake, ipokee dola, kisha irejeshe dola hizo baada ya muda uliopangwa. Kwa njia hiyo walanguzi wa sarafu wangefikiri mara mbili kabla ya kuishambulia nchi moja iliyo peke yake.

Mwanzoni makubaliano yalikuwa ya nchi mbili mbili. Mwezi Machi 2010 yaliunganishwa kuwa mkataba mmoja wa dola bilioni 120, na mwaka 2014 kiasi hicho kiliongezwa maradufu hadi bilioni 240. China pamoja na Hong Kong inachangia asilimia 32, Japani asilimia 32, Korea ya Kusini asilimia 16 na nchi za ASEAN asilimia 20. Mgawanyo huo ulipimwa kwa uangalifu ili China na Japani zilingane, asiwepo wa kumzidi mwenzake. Ofisi ya kufuatilia uchumi wa nchi wanachama ilifunguliwa Singapore mwaka 2011.

Pamoja na ukubwa wake, mkataba huo haujawahi kutumiwa. Mwaka 2008, msukosuko wa fedha ulioanzia Marekani ulipoitikisa sarafu ya Korea ya Kusini, serikali ya Seoul iligeukia benki kuu ya Marekani na kupata makubaliano ya dola bilioni 30. Sababu mojawapo ni kwamba sehemu kubwa ya fedha za Chiang Mai haitolewi mpaka mkopaji awe na mpango na IMF, shirika lile lile ambalo nchi hizo zilitaka kuliepuka. Sehemu isiyo na sharti hilo imeongezwa hatua kwa hatua, na mwaka 2021 ilifikia asilimia 40.

Wakopeshaji nao wana hofu yao. Anayemkopesha jirani hana budi kumpa masharti, na hakuna serikali ya Asia Mashariki iliyo tayari kuonekana imekunja mikono nyuma ya rais wa nchi nyingine.

Akiba ya mchele

Ushirikiano wa kimyakimya zaidi unahusu chakula. Mwaka 2011 nchi hizo 13 zilitia saini mkataba wa akiba ya dharura ya mchele, ulioanza kutumika mwaka 2012. Kila nchi hutenga kiasi fulani katika maghala yake kwa ajili ya jirani atakayekumbwa na mafuriko, kimbunga au ukame. China imeahidi tani 300,000, Japani 250,000, Korea ya Kusini 150,000 na nchi za ASEAN kwa pamoja 87,000. Sekretarieti ya mpango huo iko Bangkok.

Nani ni wa Asia Mashariki?

Jumuiya haiwezi kujengwa kabla ya kujulikana nani yumo. Mwezi Desemba 2005, mkutano wa kwanza wa kilele wa Asia Mashariki ulifanyika Kuala Lumpur. China ilipendelea kundi libaki la nchi 13. Japani, Singapore na Indonesia zilitaka India, Australia na New Zealand ziwemo, ili uzito wa China upate wa kuusawazisha. Upande wa pili ulishinda na mkutano ukawa wa nchi 16. Marekani na Urusi zilijiunga mwaka 2011.

Katika biashara, mazungumzo yaliyozinduliwa mwaka 2012 yalizaa mkataba wa Ushirikiano Mpana wa Kiuchumi wa Kikanda, RCEP, uliotiwa saini na nchi 15 tarehe 15 Novemba 2020 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. India ilijitoa mwaka 2019, ikihofia bidhaa za bei nafuu kutoka China na maziwa kutoka Australia na New Zealand. Nchi zilizobaki zina takriban asilimia 30 ya watu wote duniani na kiasi kama hicho cha uchumi wa dunia.

Faida kubwa ya mkataba huo iko katika kanuni ya asili ya bidhaa. Chombo kilichounganishwa Vietnam kwa vipuri vya Japani na Korea ya Kusini huhesabiwa kuwa bidhaa ya eneo zima, na hupata nafuu ya ushuru katika nchi zote wanachama. Aidha, huo ni mkataba wa kwanza wa biashara huria kuziweka pamoja China, Japani na Korea ya Kusini.

Majeraha ya historia

Nchi hizo tatu ndizo zenye nguvu kubwa ya kiuchumi, na ndizo zenye kumbukumbu chungu zaidi. Japani iliitawala Korea tangu mwaka 1910 hadi 1945 na kuivamia China. Ziara za Waziri Mkuu Junichiro Koizumi katika hekalu la Yasukuni, ambako hukumbukwa pia viongozi waliohukumiwa kwa uhalifu wa kivita, zilisimamisha kwa miaka kadhaa ziara za viongozi wa Tokyo na Beijing. Visiwa vidogo vinavyogombaniwa huongeza chumvi kwenye kidonda.

Mwaka 2008 viongozi wa nchi hizo walianza kukutana peke yao, na mwaka 2011 wakafungua sekretarieti mjini Seoul. Lakini baada ya mkutano wa Chengdu wa Desemba 2019, iliwachukua zaidi ya miaka minne kukutana tena, mwezi Mei 2024 mjini Seoul.

Kusini, Bahari ya Kusini mwa China inaigawa ASEAN yenyewe. Azimio la kuepusha ugomvi lilitiwa saini Phnom Penh mwaka 2002, na kanuni zenye nguvu ya kisheria zimejadiliwa kwa miaka mingi. Mwezi Julai 2012, mawaziri wa nje wa ASEAN walishindwa kutoa tamko la pamoja kwa sababu ya suala hilo, kwa mara ya kwanza katika historia ya miaka 45.

Mizani ya maafikiano

Desturi ya kukubaliana wote ina faida na gharama. Kimbunga Nargis kilipoipiga Myanmar mwezi Mei 2008, na zaidi ya watu 130,000 kufa au kupotea, watawala wa kijeshi waliwazuia wafanyakazi wa misaada kutoka nje. Ni ASEAN, iliyoaminika kwa sababu haikuwahi kuingilia, ndiyo iliyofungua njia.

Lakini jeshi la Myanmar lilipotwaa madaraka tarehe 1 Februari 2021, mpango wa amani wa vipengele vitano uliokubaliwa Jakarta mwezi Aprili mwaka huo haukuwa na meno ya kuwalazimisha majenerali. Mwezi Julai 2025 Thailand na Kambodia, wanachama wawili, zilipigana mpakani. Malaysia, iliyokuwa mwenyekiti, ilizikutanisha zikakubali kusimamisha mapigano, lakini mwezi Desemba risasi zilisikika tena.

Ndugu wawili wakigombana, wazee wa kikao wanaweza kuwasuluhisha, lakini hawana askari wa kuwatuma. Asia Mashariki imejenga kikao ambacho hakuna anayekitoka, na hilo si jambo dogo katika eneo lenye historia ya aina hiyo. Msukosuko ujao, uwe wa fedha, wa chakula au wa silaha, ndio utakaoonyesha iwapo kikao hicho kimekuwa jumuiya.