Lakabu

Lakabu ni jina la sifa analobandikwa mtu juu ya lile alilopewa na wazazi. Neno lina asili ya Kiarabu, na ngeli yake ni i-/zi-: lakabu hii, lakabu zake.

Zamani lakabu ilitoka kwa watu. Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Ruvuma, aliitwa Simba wa Vita kwa siasa zake, ingawa kamera aliijua mapema: mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu.

Nyota wa Bongo Fleva hujipa lakabu kwanza, ushahidi hufuata. Nasibu Abdul akawa Diamond Platnumz, kisha Simba. Harmonize, Mmakonde wa Mtwara, akawa Konde Boy. Alipoachana na WCB, lebo ya Diamond, mwaka 2019 akaanzisha lebo ya Konde, na leo ni Tembo. Mnyama huyo sasa lazima aonekane, kwenye kava, kwenye cheni ya shingoni, kwenye kichupa. Kazi ya sifa imehamia kwa mpiga picha, na wengine, tuseme kweli, wana kava nzuri kuliko wimbo.

Nalasi, wilayani Tunduru mkoani Ruvuma, vijana huimba nyimbo za Simba na Tembo kama kwingine. Lakini ni huko Tunduru simba walikoua watu miaka ya 1980, na tembo hadi leo huingia mashambani.

Wahariri, ombi moja: mkiandika “Tembo atikisa Ruvuma”, tajeni jina la msanii. Huku kuna watu watakaokimbilia mahindi yao.